Kambi ya Wageni na Wenyeji Wake

Ndugu zangu wa Iringa, kamwene.

Huwa naulizwa: wananchi wanazipenda kambi za majeshi ya kigeni, au wanazichukia? Swali hilo ni fupi mno kwa jambo lenyewe.

Twende Kenya. Waingereza wana kambi ya mafunzo Nanyuki, na wapo wanaokula kwa kambi ile: wapishi, madereva, vibarua, wenye nyumba za kupangisha. Waambie ifungwe kesho, watakuuliza ada ya watoto italipwa na nani. Wana haki ya kuuliza. Sasa sogea mpaka Archers Post na Dol Dol, kwa wafugaji wa Kisamburu na Kimaasai. Huko mabomu yasiyolipuka yalibaki malishoni, yakaua na kulemaza watu, wachungaji wadogo wakiwemo. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa wafugaji zaidi ya 200 fidia ya pauni milioni 4.5, tena baada ya kubanwa na mawakili. Na Nanyuki kwenyewe, mwaka 2012, mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga alikutwa ameuawa, mwili umetupwa kwenye shimo la maji taka la hoteli. Ilikuwa mwaka 2019 hakimu alipotamka kuwa aliuawa na askari wa Uingereza. Miaka saba, jamani! Mtoto amekwishaanza shule.

Hapo ndipo moyo wa mwenyeji hugeuka. Anaweza kuendelea kufanya kazi kambini na uchungu huo ukabaki naye, maana ameona kwamba akiumizwa hajui aende kwa nani.

Okinawa ni asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani, lakini imebeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi za Marekani nchini humo. Februari 2019 wakazi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga walikataa bahari ya Henoko ifukiwe kwa ajili ya uwanja mpya wa ndege za kijeshi. Ujenzi uliendelea. Kwangu mimi, kumuuliza mtu kisha ukalitupa jibu lake ni dharau.

Nasi hapa tumeyaona. Wajerumani waliivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa, kwa mizinga mwaka 1894, kisha wakajenga boma lao mjini hapa. Miaka ya 1970 wapiganaji wa ukombozi wa Zimbabwe wakafanya mazoezi katika kambi ya Mgagao, Kilolo. Hao waliletwa na serikali yetu pamoja na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), kwa lengo ambalo mimi naliunga mkono mpaka leo. Lakini idhini ya Dar es Salaam ni jambo moja, na ya mwanakijiji ni jingine.

Kwa hiyo wanafunzi mlio hapa, nina ombi. Wazee waliokuwa majirani wa kambi ya Mgagao wanapungua. Nendeni mkawaulize nani aliwapa taarifa, mashamba ya nani yaliguswa, na mpiganaji akimkosea mtu kesi ilipelekwa wapi. Andikeni wanavyosema, hata pale wasipotusifu.