Pishi na saa ndani ya kipimajoto

Assalamu alaykum walimu wenzangu, wazazi, na vijana wa Wete.

Wiki iliyopita jirani yangu alibisha hodi usiku, mtoto kambeba mgongoni. Kipimajoto alicholetewa na dada yake kutoka Marekani kilikuwa kimeandika 101. "Mwalimu, maji si huchemka kwa 100? Mwanangu je?" Nikachukua karatasi. Toa 32, inabaki 69. Zidisha kwa 5, gawanya kwa 9: 38.3. Homa ipo, lakini si ile iliyomtoa mbio nyumbani kwake. Asubuhi alikwenda naye hospitali.

Kanuni hii ya kugeuza Farenhaiti, kipimo cha joto cha Marekani, kuwa Selsiasi, kipimo chetu, tunaifundisha skuli, watoto wanaikariri, na mtihani ukipita imeshatoka kichwani. Naamini ni kwa sababu hatuwaambii kuwa ndani yake mna mambo mawili, na yote mawili tunayo majumbani.

La kwanza ni pishi na kibaba. Pishi moja ni vibaba vinne, lakini gunia tupu ni tupu kwa pishi na kwa kibaba. La pili ni saa. Saa yetu ya nne asubuhi, tiketi ya boti inaandika 10:00. Urefu wa saa ni ule ule. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, wenzetu usiku wa manane.

Joto limechanganya yote mawili. Mtaalamu Fahrenheit, mwaka 1724, aliweka sufuri yake kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Kwa kipimo chake maji huganda kwenye 32, na leo tunasoma yakichemka kwenye 212. Mtaalamu mwengine, Celsius, mwaka 1742, alishika kuganda na kuchemka, akagawa katikati mara 100. (Yeye aliandika sufuri kwenye kuchemka! Kiligeuzwa baadaye.) Basi hatua 180 za Farenhaiti ni sawa na 100 za Selsiasi, yaani 9 kwa 5. Hiyo ndiyo pishi. Na 32 ndiyo saa.

Hapa sasa ndipo hata watu wazima wanapoteleza. Akina mama wa mwani wanaambiwa bahari imepanda joto kwa digrii 2 za Selsiasi. Kwa Farenhaiti ni ngapi? Ukiongeza 32 utapata 35.6, na bahari ya namna hiyo haina mwani wala samaki. Jibu ni 3.6. Safari ya saa mbili ni saa mbili kwa saa yetu na kwa saa yao. Anayepima ongezeko hahitaji kujua hesabu ilianzia wapi, kwa hiyo 32 haiingii.

Kelvini, kipimo cha joto cha wanasayansi, ni nyepesi: hatua zake ni zile zile za Selsiasi, unaongeza 273.15 basi. Ni saa tupu, haina pishi.

Na kwa asiye na karatasi: zidisha Selsiasi mara mbili, toa moja ya kumi ya ulichopata, kisha ongeza 32. Chukua 30: inakuwa 60, toa 6, ni 54, ongeza 32, ni 86. Haikadirii, inatoa jibu kamili. Nani atanifanyia 25, bila simu?

Naam, binti wa nyuma. 77. Ahsante, njoo ubaoni uwaonyeshe wenzako.