Idi Kubwa tunaijua siku tisa mbele, notisi ya nini usiku?

Asalam aleikum, na nyote mlokuja hamjambo. Nimeambiwa niseme juu ya sikukuu na kufunga shule na biashara, mimi nitaing'ang'ania Idi Kubwa manake hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Sheria ya sikukuu, ile Cap 110, yaani sura ya 110 ya sheria za Kenya, ina orodha mbili. Ya kwanza ni ya Wakenya wote: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Madaraka, Mashujaa, Jamhuri, Krismasi na nyenginezo, na Idi Ndogo imo. Ya pili ni fupi kabisa, Idi Kubwa kwa Waislamu na Diwali kwa Wahindu, basi. Ili nchi nzima ifunge Idi Kubwa lazima waziri atoe notisi kwenye gazeti rasmi, na miaka ya karibuni amekuwa akitoa, twashukuru, lakini haki ya mtu haifai kuwa ya kungojea kila mwaka.

Sasa angalieni. Idi Ndogo ni mwezi kuandama, usiku wa mwezi 29 Ramadhani watu wako kwa simu, Lamu wameuona? Kadhi Mkuu amesema nini? Usiku ule hakuna wa kulaumiwa. Lakini Idi Kubwa ni siku ya kumi ya Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija! Mwezi ukishaandama una siku tisa nzima za kujipanga. Yaani ile ya ghafla ndiyo imewekwa kwenye orodha ya kwanza, na hii inayojulikana mapema ndiyo inangoja notisi. Hapo mimi sikubali.

Chukua binti anayeuza katika duka la nguo pale Biashara Street, Mombasa, bosi kamwambia notisi haijatoka kwa hivyo njoo kazini. Asubuhi watu wanaswali, wakitoka mbuzi anachinjwa, anachunwa, mafungu yanakatwa, la jirani, la maskini, la nyumbani, watoto wanatumwa na masinia nyumba hadi nyumba, saa sita pilau iko motoni. Yeye akirudi magharibi nyama imeshagawiwa na jamaa wa Likoni wamekuja wamerudi zao, hawajaonana. Na bosi hajui, au ajifanya hajui, kwamba kwa Muislamu siku ile ni sikukuu kisheria HATA bila notisi, ndiyo maana ya ile orodha ya pili, na juu yake kuna kifungu cha 32 cha Katiba kwamba mtu asinyimwe kazi wala haki kwa sababu ya dini yake.

Wafanyabiashara nao nawasikia, wanasema kufunga ni hasara. Ni kweli, ila hasara kubwa ni kuambiwa usiku wa manane kwamba kesho ni sikukuu, lori la nyanya liko njiani laja soko la Kongowea na kesho wanunuzi wengi hawako, na mwenye mzigo pengine ni Mkristo, naye tangazo la kuchelewa limemuumiza vilevile.

Diwali nisiisahau, huangukia Oktoba au Novemba, na huo ndio msimu wa mitihani ya taifa, mtoto wa Kihindu anaweza kukuta karatasi yake ni siku ile ile. Ratiba zapangwa miezi mbele, kalenda ya Diwali ipo, atakayepanga aitazame.

Kwa hivyo mbunge akija kuomba kura mwambieni hivi: Idi Kubwa ihamie orodha ya kwanza. Haya, nani ana swali, tuanze na kina mama huko nyuma.