Malaria ileile, au nyingine?

Wazee wetu, shikamooni. Wengine, habari za jioni. Nianze na jambo ambalo kila mhudumu wa zahanati analijua. Mtoto katibiwa malaria kwa dawa mseto, kapona, baada ya wiki tatu karudi na homa, na kipimo kinasema malaria tena. Mama anadai dawa haikufaa. Ni kweli?

Hadubini haitatujibu, maana kwenye slaidi vimelea vya falciparum, aina ya malaria iliyo kali zaidi, vyote sura moja. Watafiti hukausha tone la damu ya siku ya kwanza kwenye karatasi ya chujio, na jingine la siku homa iliporudi, kisha hulinganisha vinasaba, hasa jeni za msp1 na msp2. Urefu wa jeni hizo hutofautiana kati ya ukoo mmoja wa vimelea na mwingine, kwa hiyo kwenye jeli, ute wa maabara unaotenganisha vipande vya jeni kwa urefu, kila ukoo huacha mstari wake. Mistari ya mwanzo ikirudi, vimelea vya awali vilinusurika. Ikiwa mipya mitupu, tunasema kaumwa na mbu mwingine.

Tunasema tu! Penye mbu wengi, mtoto mmoja hubeba vimelea vya koo tatu, nne, au zaidi kwa mpigo. Hata mbu mmoja huweza kuleta kadhaa, kwani vimelea hujamiiana na kuchanganya vinasaba tumboni mwa mbu. Ndani yetu hujigawa tu. Tena katika mzunguko wao wa kujigawa wa saa 48, vimelea waliokomaa hujibanza kwenye kuta za mishipa midogo, na damu ya kidoleni haiwaonyeshi. Utafiti uliochapishwa 1997 uliwapima watoto wa Tanzania wasio na dalili kila siku kwa siku 14: koo zilikuwa zikitoweka na kurudi.

Basi ukoo tunaouita mpya huenda ulikuwamo tangu awali, na dawa iliyoshindwa ikahesabiwa imefaulu. Ndiyo maana mtu akinitajia asilimia ya mafanikio ya dawa, humuuliza kwanza: damu mlichukua mara ngapi? Siku mbili mfululizo ni afadhali.

Msidhani ni ubishi wa maabara. Rwanda, na kwetu Kagera, kuna vimelea vyenye badiliko la R561H kwenye jeni ya kelch13, vinavyochelewa kuuawa na artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Vikiwa vichache katikati ya wenzao, kipimo huweza kuviruka. Dawa huwaondoa wenzao kwanza, na vyenyewe hubaki bila mshindani.