Hatutafuti Mali ya Mjerumani

Shikamooni wazee, na wengine wote habari zenu. Asanteni kwa kuja na jua hili, na mwenyekiti asante kwa utangulizi ila umenisifia mpaka nimeingiwa na woga.

Mimi ni mwanaakiolojia, kazi yangu ni kuchimba mabaki ya watu wa kale, na niseme hili mapema tumalizane nalo, mali ya Mjerumani sina na sijui ilipo. Kila kijiji ninachofika na sepeto na chekeche, mwanzoni watu wanatuangalia tu, halafu anakuja mzee mmoja ananivuta pembeni ananiuliza mwanangu, hiyo ramani yako inaonyesha wapi? Maana inajulikana kwamba Mjerumani wakati anakimbia vita alizika rupia zake chini ya mti flani, sasa wewe useme umekuja kutafuta vigae vya chungu nani atakuelewa. Na ubaya wenyewe wapo vijana wanaochimba kweli usiku, wanabomoa makaburi na misingi ya majengo ya zamani, wakikosa hela wanaondoka zao, na hapo kwetu sisi kazi imekwisha, kwa sababu huwezi tena kujua kipi kilikuwa chini ya kipi.

Na hiyo ndo kazi yenyewe, kipi kilikuwa chini ya kipi. Tunapima shimo, tuseme mita 2 kwa 2, tunakwangua kwa mwiko huuhuu wa fundi mwashi, sentimita 10 sentimita 10 tunashuka, udongo wote unapita kwenye chekeche na kila ngazi ina mfuko wake na lebo yake. Inachosha kwa kweli, unaweza ukamaliza siku nzima una shanga mbili na mgongo unauma.

Ila kuna siku inalipa. Laetoli kule Ngorongoro mnakujua, zile nyayo ilizozipata timu ya mtafiti Mary Leakey mwaka 1978, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Dunia nzima iliamini pale pameisha. Sasa ikaja hoja ya kujenga makumbusho palepale, na kabla ya kujenga lazima mkague ardhi msije mkamwaga zege juu ya kitu, wakaingia Profesa Fidelis Masao na Dk. Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachimba mashimo ya majaribio. Kama mita 150 tu kutoka zile nyayo za zamani wakakuta nyingine, za viumbe wawili, mmoja mguu wake mkubwa mpaka wakamkadiria urefu wa sentimita 165 hivi, mrefu kuliko wote walioacha alama pale. Wenzao wa Italia wakaingia kazini pia, na matokeo yakatoka 2016. Yaani ukaguzi wa kujenga jengo tu! Huwa nawaambia wahandisi wa barabara habari hii kila nikipata nafasi, wengine wananielewa.

Turudi nyumbani sasa, Kilwa. Mnavuka maji hapo mnayaona magofu, jumba la Husuni Kubwa la sultani al-Hasan bin Sulaiman, msikiti mkuu, na msafiri Ibn Battuta alifika hapa 1331 akausifia mji. Miaka ya 1960 akaja mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick akachimba sana, na kazi yake tunaitumia mpaka leo, simkandii. Ila picha iliyobaki vichwani mwa watu baada ya kazi za wakati ule ni kwamba pwani hii ilijengwa na wageni kutoka Uajemi na Arabuni, sisi tulikuwepo tu. Kwa nini? Kwa sababu macho yalikuwa kwenye mawe. Chittick mwenyewe alikuta kwamba chini kabisa, kabla ya majengo ya mawe, kulikuwa na kijiji cha nyumba za udongo na watu wanafua chuma, ila hayo hayakupewa uzito kama misikiti.

Sasa mimi nimekulia nyumba ya kukandika. Nikipata kwenye chekeche kipande cha udongo kilichoungua, kigumu kama tofali, upande mmoja laini na upande wa pili una mifereji miwili mitatu ya mviringo, sihitaji kitabu, huo ni ukuta, hizo ni alama za fito, na ukigeuza vizuri mara nyingine unaona vidole vya aliyekandika. Mtu aliyezoea nyumba za mawe anaweza kukitupa kwenye lundo la takataka. Na wametupa vingi hao! Siku hizi hata wenzetu wa nje wameshtuka, Songo Mnara hapo jirani wamechimba wakapata nyumba za udongo katikati ya mji wa mawe, na Pemba hivyohivyo. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba mji wa kale wa Shanga, kisiwa cha Pate kule Kenya, chini ya msikiti wa mawe alikuta matundu ya nguzo za misikiti ya miti, mdogo wa chini kabisa ni wa karne ya 8.

Kwa upande wetu aliyeipindua hiyo hadithi ni Profesa Felix Chami. Yeye alifuata vigae, vile vyenye michoro ya pembetatu vinavyopatikana kuanzia Lamu mpaka Msumbiji, na bara pia, akaonyesha kwamba waliovifinyanga ni wenyeji, wakulima na wahunzi ambao wazee wao walikuwa pwani karne nyingi kabla ya Uislamu. Walimbishia sana, na baadhi ya mambo yake mpaka leo yanabishaniwa, lakini kwa hili la vigae mimi naona alishinda.

Najua mtaniuliza DNA. Mwaka 2023 ilitoka kazi ambayo Mkenya Chapurukha Kusimba alikuwa mmoja wa viongozi wake, walipima mabaki ya watu 80 wa pwani, wengi wa kati ya 1250 na 1800. Upande wa mama karibu wote Afrika. Upande wa baba wengi Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Mtandaoni kila upande ukadai umeshinda. Sasa jamani, mnaona wazee wetu waliokuwa wanasema sisi Washirazi, yaani asili yetu Shiraz huko Uajemi, hawakuwa waongo, na Chami naye hakukosea, kwa sababu huo mwaka 1000 vijiji, vyungu na tanuri vilikuwa vimeshakaa hapa miaka mingi. Halafu wengi wa waliopimwa walizikwa kwenye makaburi ya wakubwa, karibu na misikiti. Yule wa nyumba ya kukandika aliyezikwa huko pembeni bado hajasemewa vizuri.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Ukilima ukakuta mavi ya chuma, yale makapi ya tanuri la wahunzi, mengi sehemu moja, au vigae, au ule udongo wenye alama za fito, usichimbe zaidi, usihamishe, weka alama kwenye simu yako pale ulipo kisha mwambie afisa utamaduni wa wilaya. Kuchimba bila kibali ni kosa tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ila sitaki kuwatisha, nataka tu nivikute vimelala vilivyokuwa vimelala.

Haya, maswali. Tuanze na mzee pale nyuma, na mzee wangu, kama ni la rupia naomba tuongee baadaye tukiwa wawili.