Kipindi cha Leo: Wakili Langston na Swali la Sumu

NEEMA: Karibuni tena. Leo Shabani katuletea wakili, na hajaniambia ni nani.

SHABANI: John Mercer Langston, Mmarekani. Kazaliwa Virginia mwaka 1829. Baba ni mzungu mwenye shamba, mama alikuwa mtumwa wake kabla hajamwacha huru. Wote wawili wakafariki 1834, mtoto ana miaka minne.

NEEMA: Langston? Kama yule mshairi?

SHABANI: Langston Hughes, ndiyo. Babu yake, Charles, ni kaka yake huyu. Sasa John akalelewa Ohio, akasoma chuo cha Oberlin hukohuko, akataka sheria. Chuo kimoja New York kikamwambia: jifanye Mhispania, tutakupokea. Akagoma. Ikabidi ajifunze kwa wakili mmoja huko Ohio.

NEEMA: Na uwakili wenyewe akaupataje?

SHABANI: Hapo ndipo utacheka. 1854 anafika mbele ya majaji. Kichwani yuko vizuri, tatizo rangi. Ila sheria ya Ohio ilisema mwenye damu ya kizungu zaidi ya nusu ahesabiwe mzungu. Wakamwapisha.

NEEMA: Subiri. Aliyekataa kujifanya Mhispania kaingia kwa kuhesabiwa mzungu?

SHABANI: Ndiyo hivyo! Haya, twende Oberlin, 1862. Edmonia Lewis, binti mwanafunzi, mama yake ana asili ya Wahindi Wekundu, baba mweusi. Anadaiwa kuwatilia sumu wenzake wawili wazungu kwenye mvinyo wa moto. Kabla hata ya kesi, watu wamemvizia usiku, wakampiga, wakamtupa uwanjani kwenye baridi.

NEEMA: Mungu wangu. Wale wasichana walikufa?

SHABANI: Walipona. Siku ya kesi Langston, wakili wa Edmonia, akashika jambo moja tu: nani alipima walichotapika? Hakuna. Basi sumu iko wapi? Kesi ikaishia hapo. Edmonia baadaye akawa mchongaji sanamu mashuhuri, akaishi Roma.

NEEMA: Huyo namwajiri leo leo.

SHABANI: Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vikaisha 1865, watumwa wakawa huru. Langston akazunguka Kusini kukagua shule zao, akaanzisha kitivo cha sheria Chuo Kikuu cha Howard, akawa balozi Haiti. Mimi nataka kufika 1888, alipogombea ubunge wa Marekani kutoka Virginia.

NEEMA: Akashinda?

SHABANI: Mpinzani wake Venable alitangazwa mshindi kwa kura 641. Sasa sikiliza vituo vilivyokuwa. Foleni mbili, wazungu kwao, weusi kwao, na ya weusi inatambaa kama konokono. Wengine jua limezama hawajapiga.

NEEMA: Kura inaibiwa kwa foleni.

SHABANI: Langston akafungua malalamiko, akaleta mashahidi. Swali lile lile la Oberlin: ushahidi uko wapi? Safari hii alikuwa nao yeye. Bunge likamkabidhi kiti Septemba 1890, wabunge wa Demokratiki, chama cha Venable, wakiwa wametoka nje.

NEEMA: Na muhula unaisha lini?

SHABANI: Machi 1891.

NEEMA: Miezi sita! Baada ya kusubiri karibu miaka miwili?

SHABANI: Na uchaguzi uliofuata akashindwa. Mweusi aliyefuata kuingia Bunge kutoka Virginia ni Bobby Scott, 1993.

NEEMA: Shabani, mwaka 1993 mimi nilikuwa shule ya msingi.