Daftari la uwanjani: juu ya TFC zetu (kazi za utafiti za kumaliza masomo)

Wanafunzi, na wakubwa zangu walimu, hodi. Nitasema lile lile ninalolisema kila mara: mwanafunzi ambaye hakupima kitu wala kumuuliza mtu, huyo hajafanya utafiti. TFC zenu ziko hivi: sura ya kwanza maelezo ya jumla, ya pili mahali pa utafiti, mvua ya Lubumbashi milimita 1,200 kwa mwaka. Kila mwaka nasoma namba hiyo hiyo. Nani kati yenu ameshapima mvua ya mtaani kwao, Katuba?

Mtaniambia: Prof, hatuna maabara, umeme unakatika, dawa za kupimia ni bei kali. Najua. Ndiyo maana sichoki kuwaeleza habari za Haumaniastrum katangense. Ni kimea kidogo, jamaa moja na mrihani. Kinaota kwenye udongo wenye shaba nyingi, ule unaoua mimea mingine. Sasa watafiti wakakiona kimestawi pahali pasipo na mgodi wowote. Kulikoni? Chini yake kulikuwa na mabaki ya tanuru. Hapo wazee wetu waliyeyusha shaba, karne nyingi kabla Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, haijawasha tanuru lake hapa mwaka wa 1911! Shaba ya namna hiyo ndiyo ile misalaba ya shaba tunayoijua wote, iliyotumika kama fedha, na kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, watu walizikwa nayo. Mtu wa mimea amemfungulia njia mtu wa historia, na alianza kwa kutazama chini tu.

Basi wewe wa biolojia, nenda upande ule upepo ulikokuwa unapeleka moshi wa kiwanda cha shaba. Chukua kamba na vijiti vinne, piga mraba wa mita moja, hesabu kila mmea uliomo, andika. Sogea mbali kidogo na kiwanda, rudia. Anayesema hiyo si sayansi, aende ahesabu yeye tuone kama atapata tofauti.

Na ninyi wa historia: kuanzia 2003, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000, kwa jina la kuondoka kwa hiari. Baba hao wako kwenye makartie yenu, wengine mnakula nao bukari (ugali) meza moja, na kila mwaka tunazika. Nanyi mnaniletea kurasa ishirini za intaneti! Mwendee mzee kwa heshima, omba ruhusa kabla ya kuwasha simu, muulize posho ya unga ilitolewaje, siku ya barua ya kuacha kazi ilikuwaje nyumbani. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Nilitaka kugusa takwimu, na vichuguu vyetu, na mwalimu mmoja kupewa wanafunzi wengi kupita nguvu zake. Muda umekwisha. Walimu wenzangu, mwanafunzi akileta matokeo yasiyolingana na kitabu, msimkate alama kabla ya kuona daftari lake. Mimi mwaka huu sitatia sahihi TFC yoyote isiyokuja na daftari.