Wakurugenzi wa Mafunzo Wawe na Chama Chao Wenyewe

Ndugu wenzangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili kwenye vikao vingine. Nalisema tena kwa sababu rasimu ya katiba tuliyogawiwa asubuhi bado inasema mwanachama wa chama hiki tunachokianzisha, cha wakurugenzi wa mafunzo ya udaktari bingwa, ni idara, na idara itawakilishwa na mkuu wake. Basi tutakuwa tumeanzisha chama cha wakuu wa idara. Nawaheshimu wakuu wa idara, lakini wao wanavyo vikao vyao.

Mkurugenzi wa mafunzo ndiye anayepanga zamu za madaktari wanaosomea ubingwa. Ndiye anayekaa na kijana aliyefeli mtihani kwa mara ya pili. Ndiye anayetia saini kwamba huyu sasa anaweza kutibu bila kusimamiwa, na saini hiyo itawagusa wagonjwa kwa miaka thelathini ijayo. Lakini bajeti haiko mkononi mwake, wala hana amri juu ya mabingwa anaowaomba wafundishe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana kila mwaka anaongezewa fomu na hapunguziwi kliniki.

Niwarudishe kwenye suala la saa za kazi za madaktari walioko mafunzoni Marekani, mpate kuona mkurugenzi anavyosahauliwa. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alilazwa usiku katika hospitali moja ya New York akiwa na homa, na asubuhi akafariki. Waliomhudumia wodini walikuwa madaktari wawili waliokuwa bado mafunzoni, mmoja wao mwaka wa kwanza, mwenye wagonjwa wengine wengi wa kuangalia. Daktari mwandamizi walishauriana naye kwa simu. Binti alichomwa pethidini, dawa ya maumivu, ilhali alikuwa akitumia phenelzine, dawa ya sonona isiyopaswa kukutana nayo mwilini. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwanasheria na mwandishi wa habari, na hakunyamaza. Jopo la wananchi lililosikiliza shauri hilo halikuwafungulia madaktari mashtaka ya jinai. Liliulaumu mfumo wa mafunzo. Ikaundwa kamati chini ya Dkt. Bertrand Bell, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kanuni: saa 80 kwa wiki, zisizidi 24 mfululizo.

Kamati ile ilidai pia usimamizi wa karibu wa madaktari waandamizi. Nani anaikumbuka sehemu hiyo? Bell mwenyewe aliandika mwaka 1993 kwamba ufunguo wa huduma bora ni usimamizi, si kanuni za saa. Watu wameshika saa kwa sababu saa zinahesabika, na ofisi yoyote inaweza kuzikagua bila kukanyaga wodi. Kama bingwa alikuja kitandani saa nane za usiku au aliitikia simu tu akalala tena, anayejua ni mkurugenzi wa mafunzo, kwa kuwa vijana humwambia yeye.

Mwaka 2003 ACGME, chombo kinachoidhinisha programu za mafunzo huko, kikaweka kikomo cha saa 80 nchi nzima. Mwaka 2011 madaktari wa mwaka wa kwanza wa mafunzo wakawekewa saa 16 mfululizo, na mwaka 2017 kikomo hicho kikaondolewa, wakarudi kwenye 24, na nyongeza ya hadi saa 4 za kukabidhiana wagonjwa. Kila badiliko, mkurugenzi alipanga upya ratiba yote.

Kuna wanaonisikia vibaya hapa. Sisemi vijana wafanye kazi mpaka waanguke. Kikomo kilihitajika, na ni aibu kwa taaluma nzima kwamba baba aliyefiwa ndiye aliyelazimisha mjadala. Ninachosema ni kwamba anayeendesha mafunzo awe mezani kabla kanuni haijaandikwa, na aje na ushahidi. Inawezekana. Programu 117 za upasuaji Marekani zilikubali kugawanywa kwa bahati nasibu, nusu zifuate kanuni kali za saa na nusu zilegezewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: wagonjwa wa upande uliolegezewa hawakupata madhara zaidi. Tiba ya ndani nao wakafanya utafiti wa aina hiyo katika programu 63. Utafiti kama huo mkurugenzi mmoja haufanyi peke yake.

Mtaniambia vyama vya fani vinatosha. Havikuwatosha wakurugenzi wa tiba ya ndani Marekani, ambao walianzisha chama chao wenyewe, APDIM, mwaka 1977, miaka minne kabla ACGME haijaundwa. Kwa hiyo chombo kile kilipozaliwa, wao tayari walikuwa na pa kuzungumzia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya muda uliotengwa kwa kazi ya ukurugenzi na juu ya wakurugenzi wapya wanaokabidhiwa faili bila maelezo. Hayo wenzangu watayasema mchana. Kuhusu ada sina neno, iwe ndogo.

Naomba kifungu cha uanachama kijadiliwe kwanza, kabla ya jina na kabla ya uchaguzi. Pendekezo langu ni kwamba mwanachama awe mtu anayeongoza mafunzo, pamoja na msaidizi wake, na akiacha kazi hiyo ampishe anayempokea. Nimeliandika, karatasi iko kwa katibu.